Kizunguzungu cha Sikio la Ndani na Mazoezi ya Nyumbani: Wasomaji Wanauliza

Barua zilizofika katika safu hii kuhusu kizunguzungu ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa, na sehemu kubwa zinahusu jambo moja. Mgonjwa amekwisha kuambiwa hospitalini kwamba tatizo lake liko kwenye sikio la ndani, amepewa mazoezi ya kufanya nyumbani au ameyasikia kwa watu, na hana wa kumuuliza ayafanye vipi. Nimechagua barua tano, nikazifupisha na kuondoa majina ya wenyewe. Majibu yanamhusu mtu aliyekwisha kupimwa. Ambaye bado hajapimwa aanze na barua ya tatu.

Zoezi linaniletea kizunguzungu, kwa nini niendelee nalo?

*Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 63, naishi Morogoro. Miezi mitatu iliyopita niliamka alfajiri nyumba ikizunguka, nikatapika hadi jioni na kulala kitandani siku kadhaa. Hospitalini nilipimwa nikaambiwa kwamba neva ya sikio la kulia imepata uvimbe, ingawa ninasikia vizuri. Tangu hapo ninayumba nikitembea, hasa sokoni penye watu wengi, na nikigeuza shingo ghafla ninaona vitu vinachelewa kutulia. Nilipewa karatasi ya mazoezi ya kugeuza kichwa. Nilipoyafanya kizunguzungu kiliongezeka, nikaacha. Wanangu wanasema nipumzike na niendelee na vidonge.*

Mwalimu, pole kwa maradhi. Wanao wanakupenda, lakini katika hili ushauri wao unakuchelewesha.

Kila sikio la ndani lina mifereji mitatu myembamba iliyojaa majimaji, ambayo hupima mzunguko wa kichwa, pamoja na vifuko viwili vinavyopima kuinama kwa kichwa na mwendo wa kwenda mbele au juu na chini. Neva za pande zote mbili hazinyamazi hata ukiwa umetulia. Hupeleka ishara kwenye ubongo wakati wote kwa kiwango kinacholingana, na ubongo hutambua kwamba kichwa kimegeuka pale upande mmoja unapouzidi mwingine, kama sahani mbili za mizani ya dukani. Neva ya kulia ilipodhoofika ghafla, upande wa kushoto ukazidi, na ubongo ukasoma kwamba unazunguka ilhali umelala chali. Ndiyo sababu siku za mwanzo zilikuwa mbaya kiasi kile.

Hali ya kutulia ubongo huisawazisha wenyewe baada ya siku chache au wiki, na bila shaka umeona kwamba sasa ukikaa kimya huna tatizo. Kinachobaki ni kasoro wakati wa mwendo. Unapogeuza kichwa kulia, macho yanapaswa kwenda kushoto kwa kasi ileile ili unachokitazama kisitikisike, na kazi hiyo hufanywa na njia fupi sana ya neva itokayo sikioni hadi kwenye misuli ya macho. Sikio moja likiwa dhaifu, macho hayafiki kwa wakati, na unapata kile ulichokiandika, yaani vitu kuchelewa kutulia. Ubongo una uwezo wa kuirekebisha njia hiyo, ila hujifunza kutokana na kosa lenyewe: picha lazima itikisike kidogo machoni ndipo ubongo ujue kwamba kuna jambo la kurekebisha. Mgonjwa anayekaza shingo, anayegeuka mwili mzima anapoitwa na anayetuma wengine sokoni anaunyima ubongo wake somo unalolihitaji, na huweza kukaa na kizunguzungu kwa miaka.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Katika miaka ya 1940 nchini Uingereza, daktari wa masikio Terence Cawthorne aliona kwamba wagonjwa wake waliochangamka na kutembea mapema walipona haraka kuliko waliolala. Akishirikiana na F. S. Cooksey, daktari wa tiba ya viungo, walipanga mazoezi yanayoanza kitandani kwa kusogeza macho peke yake, yakaendelea na kichwa, kisha kukaa, kusimama, kutembea, kupanda ngazi na hatimaye michezo ya kurushiana mpira. Inaelekea karatasi uliyopewa inatokana na mpango huo, kwa maana bado unatumika katika hospitali nyingi duniani.

Katika mazoezi yote, ninalolithamini zaidi kwa mtu mwenye hali yako ni la kutuliza macho. Andika herufi moja kubwa kwenye karatasi, ibandike ukutani usawa wa macho yako, kisha kaa kwenye kiti umbali wa mita moja hivi. Itazame herufi bila kuiacha huku ukigeuza kichwa kulia na kushoto, kwa upana mdogo tu, kama mtu anayekataa jambo. Kasi iwe ile ambayo ukiiongeza kidogo tu herufi itaanza kutikisika. Ukienda polepole sana hutapata faida, na ukienda kasi hadi herufi ikawa ukungu, macho hayana cha kukishika. Fanya hivyo kwa dakika moja, pumzika mpaka utulie, kisha rudia kwa kupeleka kichwa juu na chini. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Marekani, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2022, unapendekeza kwamba mtu ambaye tatizo lake limedumu muda mrefu afanye mazoezi ya namna hii mara tatu hadi tano kwa siku, jumla isipungue dakika 20, kwa wiki nne hadi sita. Dakika 20 ukizisikia ni nyingi, lakini ukizigawa baada ya sala ya asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, alasiri na kabla ya kulala, hazikuzuii kufanya shughuli zako.

Sasa kuhusu woga wako. Kabla ya kuanza zoezi, kipe kizunguzungu chako alama kati ya 0 na 10, na baada ya kumaliza kipe tena. Kikipanda alama mbili au tatu kisha kikatulia ndani ya robo saa, umepata kipimo sahihi, endelea. Kikipanda sana ukatapika, au kikadumu saa nzima, umezidisha. Siku inayofuata punguza kasi au muda, usiache. Kisipopanda hata kidogo kwa siku mbili mfululizo, zoezi limekuwa jepesi, nawe upande ngazi: simama badala ya kukaa, kisha simama miguu ikiwa imegusana, kisha juu ya godoro lililokunjwa, kisha tembea kwenye ukumbi huku ukigeuza kichwa kila baada ya hatua mbili tatu. Mazoezi ya kusimama yafanyie kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikiwa nyuma yako na kiti kizito mbele, kwa viatu visivyoteleza, na kama umevaa kanga ifunge isiburuze chini. Soko nalo ni zoezi. Anza asubuhi kabla halijajaa, ukiwa na mwanao pembeni, na uongeze muda wiki hadi wiki.

Kuhusu vidonge, vile vya kutuliza kizunguzungu, kama sinarizini na prokloperazini, vina kazi yake katika siku mbili tatu za mwanzo mtu anapotapika. Vikimezwa kwa miezi hupunguza zile ishara ambazo ubongo unazihitaji ili ujifunze. Juu ya hayo, kwa watu wa umri wako sinarizini ya muda mrefu inaweza kuleta mtetemeko na ukakamavu wa misuli unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Nenda kwa daktari aliyekuandikia, mwambie umeanza mazoezi, na muulize namna ya kuviacha. Nasisitiza kwamba nazungumzia vidonge vya kizunguzungu pekee. Vya presha au sukari visiguswe.

Baba anazungukwa na chumba akisujudu

*Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ni mkwezi wa minazi huku Kwale, ana miaka 58. Mwezi mmoja sasa, akiinuka kutoka sijda au akigeukia kulia kitandani, kila kitu kinamzunguka kwa muda usiofika dakika, kisha kinatulia. Akisimama na kutembea hana neno. Masikio yanasikia vizuri. Je, tumuanzishie mazoezi ya kugeuza kichwa? Na sala yake afanyeje?*

Marahaba mwanangu. Baba yako asikwee mnazi kuanzia leo hadi nitakapoeleza hapa chini; hilo ndilo la kwanza.

Dalili ulizozieleza, yaani kizunguzungu kikali cha muda mfupi kinacholetwa na mkao fulani wa kichwa na kutokuwepo kabisa katikati yake, zinaelekea sana kwenye tatizo la chembe za chokaa. Ndani ya vifuko nilivyovitaja kwenye jibu la mwalimu kuna chembe ndogo mno za chokaa zinazokaa juu ya utando. Kwa umri, kwa kugongwa kichwa, au bila sababu inayoonekana, baadhi hubanduka na kuingia kwenye mmojawapo wa ile mifereji, mara nyingi ule wa nyuma. Kichwa kinapoinama au kulala, chembe huteremka ndani ya mfereji, majimaji husukumwa, na ubongo huambiwa kwamba kuna mzunguko ambao haupo. Zikifika chini, kizunguzungu huisha.

Kwa tatizo hili mazoezi ya herufi ukutani hayafai kuwa tiba ya kwanza, kwa sababu hakuna neva iliyodhoofika. Kinachotakiwa ni kuzitoa chembe kwenye mfereji kwa kugeuza kichwa kwa mpangilio, ili zishuke zenyewe kwa uzito wake mpaka zirudi kifukoni. Utaratibu unaotumika zaidi ulibuniwa na daktari John Epley wa Portland, Oregon, ambaye wenzake walimbeza kwa miaka kabla ya matokeo yake kuchapishwa mwaka 1992. Leo unafundishwa kila mahali, na kwa wagonjwa wengi mara moja au mbili hutosha.

Mara ya kwanza naomba afanyiwe na daktari wa masikio, pua na koo au mtaalamu wa fiziotherapia, maana wao humlaza kwa kipimo cha Dix na Hallpike na kutazama jinsi macho yanavyochezacheza, wakajua ni sikio lipi na mfereji upi. Akishathibitishiwa kwamba ni mfereji wa nyuma wa kulia, nyumbani mtafanya hivi. Akae kitandani miguu ikiwa imenyooka, mto ukiwa nyuma yake mahali mabega yatakapofikia. Ageuze kichwa kulia nusu ya njia ya kulifikia bega, kisha alale chali kwa haraka, mabega yakiwa juu ya mto na kichwa kikiwa kimeinamia nyuma kidogo. Kizunguzungu kitakuja, avumilie hadi kiishe, kisha aongeze nusu dakika. Bila kunyanyua kichwa, akigeuze hadi kitazame kushoto kwa kiasi kilekile, asubiri tena muda huohuo. Halafu mwili wote uviringike alalie ubavu wa kushoto, uso ukielekea godoroni, asubiri. Mwisho ainuke taratibu akae, miguu ikining'inia upande wa kushoto wa kitanda na kidevu kikiwa kimeinama. Mtu awe pembeni yake kila hatua. Mwenye maradhi ya shingo au uti wa mgongo, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, asijaribu hili bila idhini ya daktari.

Kuna zoezi jingine, la Brandt na Daroff, la mwaka 1980, ambalo halihitaji kujua ni sikio lipi. Mtu hukaa ukingoni mwa kitanda, hulala upande mmoja kwa haraka uso ukitazama juu kidogo, hukaa hivyo nusu dakika, huinuka nusu dakika, kisha hulala upande wa pili. Mara tano kila upande, mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili. Linasaidia, ila ni la polepole na linachosha, na mwenye nafasi ya kufanyiwa utaratibu wa Epley hana haja ya kuanza nalo.

Kuhusu sala, mgonjwa aliyeshindwa kusujudu husali kwa kukaa na kuashiria, na masheikh watamweleza vizuri kuliko mimi. Ninachoongeza kwa upande wa tiba ni kwamba asiizoee njia hiyo baada ya kupona, kwa sababu kuinama na kuinuka mara nyingi kwa siku ni zoezi zuri la msawazo. Kuhusu minazi, asubiri mpaka apitishe angalau wiki moja akilala, akigeuka na kusujudu bila dalili yoyote, na daktari akubali. Ajue pia kwamba chembe huweza kubanduka tena baada ya miezi au miaka. Likimrudia asihamaki, arudie utaratibu uleule, na asipande juu mpaka zimetulia.

Fiziotherapia iko mbali. Ninaweza kujiongoza mwenyewe?

*Niko Pemba. Mganga wa kituo chetu ameniambia kizunguzungu changu ni cha sikio na akanishauri mazoezi, lakini mtaalamu wa karibu yuko mbali na nauli ni tatizo. Je, mazoezi ya kujifanyia mwenyewe yana faida, au ninapoteza muda?*

Yana faida, na ushahidi wake ni mzuri kuliko wa vidonge vingi vinavyouzwa kwa tatizo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakiongozwa na Profesa Lucy Yardley, walilifuatilia swali lako kwa miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 170 wa zahanati za kawaida waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida, na jingine lilifundishwa na muuguzi kwa kikao kimoja tu kisha likapewa kijitabu cha kufuata nyumbani kila siku. Baada ya miezi mitatu, asilimia 67 ya waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu ya maana, dhidi ya asilimia 38 ya wenzao. Aliyewafundisha hakuwa daktari bingwa, alikuwa muuguzi, na ningependa waganga wetu wa vituo vya afya walione hilo.

Mwaka 2012 walichapisha utafiti mwingine wa watu 337, ambapo wengine walipewa kijitabu peke yake, wengine kijitabu pamoja na simu chache kutoka kwa mtaalamu, na wengine huduma ya kawaida. Katika miezi mitatu ya mwanzo tofauti haikuwa ya kutegemewa, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili ya kijitabu yalikuwa mbele. Nawaeleza wagonjwa matokeo hayo kwa sababu wengi hukata tamaa wiki ya tatu. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya mazoezi yaliyofundishwa kwa njia ya intaneti kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, nayo yalikuwa mazuri. Kwa hiyo umbali wako na fiziotherapia si hoja ya kukaa bila kufanya kitu. Nunua daftari, andika kila siku zoezi ulilofanya, dakika zake na alama ya kizunguzungu kabla na baada, na ukipata safari ya mjini lichukue. Mtaalamu akilisoma dakika tano atakuelekeza vizuri kuliko ukimsimulia kwa nusu saa.

Lakini wagonjwa wote hao walikuwa tayari chini ya uangalizi wa daktari. Kwetu kizunguzungu huitwa presha, malaria au upungufu wa damu kabla mtu hajapimwa hata kimoja, na siku hizi naona kosa la kinyume, mtu kujiambia "ni sikio" kwa sababu ameona video. Kwinini huleta mvumo masikioni na kizunguzungu. Upungufu wa damu na kushuka kwa presha unaposimama humfanya mtu aone giza na kutaka kuanguka, bila kitu kuzunguka. Hayo hayatibiwi kwa kugeuza kichwa.

Zaidi ya hapo zipo dalili ambazo mtu akizipata hapaswi kufikiria mazoezi wala kusubiri kesho, bali apelekwe hospitali saa hiyohiyo: kizunguzungu cha ghafla pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, uso kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu au kufa ganzi, maumivu makali ya kichwa au shingo ambayo hayajawahi kutokea, au kushindwa kabisa kusimama hata kwa kushikwa. Hiyo inaweza kuwa kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, na hufanana sana na ugonjwa wa sikio katika saa za mwanzo. Sikio lililopoteza usikivu ghafla ndani ya siku moja hadi tatu nalo ni dharura, kwa kuwa dawa zake hufanya kazi vizuri zikianza mapema. Sikio linalotoa usaha pamoja na kizunguzungu litibiwe kwanza, mazoezi yafuate.

Baada ya sindano, nayumba gizani

*Miaka kadhaa iliyopita nilitibiwa kifua kikuu kilichojirudia, kwa vidonge na sindano za kila siku. Nilipona kifua, lakini tangu hapo siwezi kutembea usiku bila kushika ukuta, na nikifunga macho kunawa uso kwa sabuni ninaegemea. Nikitembea, mabango ya barabarani yanarukaruka nishindwe kuyasoma. Chumba hakinizunguki kamwe. Niko Dodoma, nina miaka 44. Mazoezi yatanirudishia hali yangu?*

Dada yangu, nitakujibu kwa uwazi, kwa sababu naamini umechoka kufarijiwa.

Streptomisini, ambayo ilikuwa sindano ya kawaida katika tiba ya kifua kikuu kilichojirudia, na jentamisini inayotumika kwa maambukizi mengi makali, huweza kuua chembe za hisia kwenye sikio la ndani, hasa zile za msawazo. Kanamisini na amikasini huelekea zaidi kuharibu usikivu. Kwa kuwa dawa hupita kwenye damu, huathiri masikio yote mawili, na pande zote mbili zikipungua kwa pamoja hakuna anayemzidi mwenzake. Ndiyo maana chumba hakikuzunguki. Unachokosa ni kipimo chenyewe. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, aliyepatwa na hali hii baada ya kutibiwa kwa streptomisini kwa kifua kikuu cha goti, aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba mwanzoni hata mapigo ya moyo wake yalitosha kuzitikisa herufi za kitabu, ikambidi abane kichwa kati ya vyuma vya kitanda ili aweze kusoma. Lakini alijifunza kutembea tena.

Chembe zilizokufa hazioti tena, na hakuna zoezi litakalozirudisha. Mazoezi hufanya kazi kwa njia nyingine. Hukamua kila kilichosalia sikioni, na kuufundisha ubongo kutegemea macho pamoja na hisia za nyayo, vifundo na misuli. Zoezi la herufi ukutani lifanye kama nilivyomweleza mwalimu, ila kwa muda mrefu zaidi: mwongozo niliotaja unaweka dakika 20 hadi 40 kwa siku, kwa wiki tano hadi saba, na usishangae ukihitaji kuendelea zaidi. Ongeza mawili. La kwanza, bandika herufi mbili ukutani zikiwa zimeachana kidogo. Peleka macho kwenye ya pili kwanza bila kichwa, kisha kichwa kifuate huku macho yamebaki hapo. La pili, tazama herufi, funga macho, geuza kichwa kidogo ukijitahidi kubakiza macho palepale, kisha fungua uone umekosea kiasi gani. Mazoezi ya kusimama yafanye pekupeku sakafuni, kwanza macho wazi kisha yakiwa yamefumbwa kwa muda mfupi, ukutani pakiwa karibu.

Mengine ni ya tahadhari, na kwako yana uzito sawa na mazoezi. Weka taa njia ya chooni usiku. Acha kandambili zilizolainika, vaa viatu vyenye soli nyembamba ngumu ili mguu uihisi ardhi. Fimbo usiionee aibu, kwani hata ukiigusisha tu chini bila kuiegemea inaupa ubongo taarifa. Usipige mbizi wala kuogelea majini penye giza, maana chini ya maji hutajua juu ni wapi. Na popote utakapotibiwa, hata kwa kidonda, mwambie mhudumu kabla ya sindano kwamba masikio yako yaliharibiwa na sindano ya kundi la streptomisini na jentamisini. Kwa wagonjwa wa leo hali imebadilika: Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kanamisini kwa kifua kikuu sugu, na matibabu mengi sasa ni ya vidonge.

Nirudi lini kwenye bodaboda?

*Ni dereva wa bodaboda, Mwanza. Nimegundulika na ugonjwa wa Ménière. Sikio la kushoto linavuma na kujaa, kisha kizunguzungu kinakuja kwa saa mbili tatu, halafu naamka mzima. Mwezi uliopita kilikuja mara mbili. Nikifanya mazoezi kwa bidii nitaweza kurudi barabarani?*

Ndugu yangu, mazoezi hayazuii mashambulizi ya Ménière. Ubongo huzoea upungufu uliotulia mahali pamoja, nao ugonjwa huu hupanda na kushuka, kwa hiyo leo ubongo unazoea hali ambayo kesho imebadilika. Wakati wa shambulio lala, tuliza macho kwenye kitu kimoja, usijaribu zoezi lolote. Mazoezi yatakufaa ikiwa katikati ya mashambulizi unabaki ukiyumba, au mashambulizi yakiisha kabisa yakakuachia sikio dhaifu. Hapo fuata maelekezo ya barua ya kwanza.

Barabarani usirudi wakati mashambulizi bado yanakuja. Wengine hupata onyo la sikio kuvuma, na nadhani unalitegemea hilo, lakini wapo wagonjwa wa Ménière wanaoangushwa ghafla bila onyo lolote, na kwenye pikipiki yuko abiria nyuma yako. Muone daktari wa masikio kuhusu dawa za kupunguza mashambulizi, kwa kuwa zipo hatua kadhaa za kujaribu, na yeye ndiye atakayekwambia yametulia vya kutosha. Wakati huo ukifika, anza mchana, bila abiria, kwenye barabara unayoijua, ukiwa hujameza kidonge chochote kinacholeta usingizi. Kabla ya kuwasha pikipiki jipime: tembea hatua 20 ukigeuza kichwa haraka kulia na kushoto kama unayeangalia magari kwenye makutano. Ukiyumba nje ya mstari, siku hiyo usiendeshe.